Kuvunjika Mtulinga: Mwongozo kwa Mwendesha Baiskeli wa Milimani, Tangu Dakika ya Ajali Hadi Kurudi Njiani

Mtulinga ni ule mfupa mwembamba unaoonekana chini ya shingo, uliojipinda kidogo mfano wa herufi S, unaoanzia juu ya kidari na kuishia begani. Ndio mfupa pekee unaouunganisha mkono na kiwiliwili, kwa sababu kombe la bega huko nyuma limeshikiliwa na misuli tu. Kwa hiyo mwendesha baiskeli anaporushwa juu ya usukani na kutua kwa bega, sehemu kubwa ya kishindo hupita katika mfupa huo, na mara nyingi hukatika katikati, mahali ambapo ni mwembamba zaidi na haukufunikwa vizuri na misuli wala kano. Takriban mivunjiko minne kati ya mitano ya mtulinga hutokea katika theluthi hiyo ya kati.

Mimi nilivunjika mtulinga wa kushoto katika njia ya miguu inayoteremka kutoka msitu wa Magamba kuelekea Lushoto, katika milima ya Usambara, asubuhi iliyofuata usiku wa mvua. Gurudumu la mbele liliteleza juu ya mzizi uliolowa, nikakamata breki ya mbele kwa hofu, na kilichofuata ni sauti kavu kama ya ukuni unaovunjwa gotini. Katika miezi iliyofuata nilielekezwa mengi, mengine sahihi na mengine ya kudhuru, lakini hakuna aliyenieleza mapema jambo ambalo sasa ninaliona kuwa kubwa kuliko yote: maumivu huondoka kabla mfupa haujakomaa. Kwa mtu mzima mfupa huu huhitaji wiki 6 hadi 12 ili uunge, ilhali maumivu makali huweza kupungua sana ndani ya wiki 2 au 3 tu. Pengo lililopo baina ya nyakati hizo mbili ndilo linalowarudisha wengi hospitalini, na mwongozo huu umeandikwa hasa kwa ajili ya pengo hilo. Hauchukui nafasi ya daktari aliyeziona picha zako. Pale maelekezo yake yanapotofautiana na haya, fuata ya kwake.

Hatua ya kwanza: pale pale ulipoanguka

Usinyanyuke haraka. Kabla ya bega, jikague kichwa na shingo: kama ulipoteza fahamu hata kwa sekunde chache, kama shingo inauma katikati ya mfupa, au kama miguu ina ganzi, lala hapo hapo usogezwe na watu wanaojua wanachokifanya. Shingo ikiwa salama, kaa kitako na ushikilie kiwiko cha upande ulioumia kwa mkono mzima. Utagundua kwamba maumivu yanapungua papo hapo, na sababu yake ni rahisi: uzito wa mkono ndio unaokivuta kipande cha nje cha mfupa kwenda chini, wakati msuli wa shingo unakivuta kile cha ndani kwenda juu.

Kisha kagua mambo manne, au mwombe mwenzako akukagulie. Tazama kama mfupa umetoboa ngozi, au umeisukuma hadi ikawa nyeupe na kukazika kama ngozi ya ngoma. Gusa vidole vyote vya mkono huo na uulize kama vina hisia na kama vinachezeka. Tafuta mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono na ulinganishe joto la viganja viwili. Mwisho, vuta pumzi ndefu. Chini kabisa ya mtulinga hupita mishipa mikubwa ya damu na neva zote za mkono, na ncha ya pafu haiko mbali. Kwa hiyo ganzi, mkono kuwa baridi, jeraha lililo wazi au kukosa pumzi ni dharura ya saa hiyo hiyo, si jambo la kusubiri kesho.

Kinachofuata ni kuufunga mkono, na hapa kanga moja inatosha. Mama mmoja aliyekuwa akipita na tenga la mboga alitua mzigo wake, akasema, “Pole, mwanangu, tulia hapo hapo,” akafungua kanga yake ya juu na kuwapa wenzangu. Wakaikunja kona kwa kona ikawa pembetatu. Kiganja changu kikawekwa kifuani, vidole vikielekea bega lililo zima. Kanga ikatandazwa juu ya mkono, ncha moja ikiwa juu ya bega zima na kona pana ikipita kidogo kiwiko. Upindo wa chini ukaingizwa chini ya mkono na kiwiko, ncha ya pili ikapitishwa mgongoni kwa mshazari hadi ikakutana na ile ya kwanza juu ya bega zima, na fundo likafungwa hapo. Siri ya ufungaji huu ni kwamba hakuna kitambaa kinachopita juu ya mfupa uliovunjika, na uzito wote wa mkono unabebwa na bega la pili. Ukipata kanga nyingine, ikunje iwe mkanda mpana na uizungushe kiwiliwili pamoja na mkono, ili usicheze wakati wa safari. Vua saa na pete mapema, kwa sababu mkono huvimba.

Usipande bodaboda, hata kama ndicho chombo cha kwanza kupita. Kila shimo la barabara litazigonganisha ncha za mfupa, na ukiyumba huna mkono wa kujishikia. Subiri gari. Na ndani ya gari kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii: kwa magari yetu yenye usukani kulia, mkanda wa abiria wa upande wa kushoto hupita juu ya bega la kushoto. Aliyevunjika mtulinga wa kushoto akae nyuma ya dereva, ambako mkanda hupita bega la kulia. Aliyevunjika wa kulia akae upande wa kushoto. Kutoka Lushoto hadi Mombo kuna zaidi ya kilomita 30 za kona, na kila kona ingeukandamiza mkanda juu ya mfupa wangu kama wenzangu wasingenihamisha kiti.

Hatua ya pili: hospitalini, uliza kabla ya kuondoka

Daktari ataagiza picha ya eksirei. Omba zipigwe angalau picha mbili, moja ya moja kwa moja na nyingine ambayo mashine imeinamishwa kuelekea juu, kwa sababu mfupa huu umejipinda na picha moja huweza kuficha namna vipande vilivyopishana. Ukiweza kusimama au kukaa wakati wa kupigwa, ni vizuri zaidi, maana ukilala chali uzito wa mkono hauvuti na vipande huonekana vimekaribiana kuliko vilivyo kwa kweli. Piga picha za eksirei hizo kwa simu yako. Utazihitaji mara kadhaa, na si kila hospitali utakayokwenda itaweza kuzipata.

Uliza maswali haya na uandike majibu: Mfupa umevunjika sehemu gani, katikati, karibu na bega au karibu na kidari? Vipande vimeachana kabisa au bado vinagusana? Ni vipande vingapi? Mfupa umefupika kwa kiasi gani? Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama utahitaji upasuaji, na mgonjwa anayeyajua huzungumza na daktari wake vizuri zaidi kuliko yule aliyeambiwa tu “umevunjika, pole.”

Wengi hutarajia kufungwa hogo, lakini mtulinga haufungwi hogo, kwa sababu hakuna namna ya kuuzungushia plasta ngumu mfupa unaosogea kwa kila pumzi. Utapewa slingi, yaani kitambaa cha kuuning'iniza mkono shingoni. Katika kituo cha kwanza nilichopelekwa nilifungwa ule mkanda unaopita makwapani na kukutana mgongoni mfano wa namba nane, ukakazwa hadi vidole vikafa ganzi usiku huo. Mkanda huo ulitumika sana zamani kwa nia ya kuyavuta mabega nyuma ili vipande vijipange, lakini wagonjwa waliofungwa hivyo walipolinganishwa na wale waliopewa slingi ya kawaida, mifupa yao haikuunga vizuri zaidi, na walilalamika zaidi kuhusu maumivu na usumbufu. Ukifungwa mkanda huo na ukaona ganzi au mkono kubadilika rangi, rudi ukafunguliwe bila kungoja miadi.

Hatua ya tatu: kuamua juu ya upasuaji

Hapa nitakaa kwa kirefu, kwa sababu ndipo penye wasiwasi mwingi na ushauri mwingi wa mitaani.

Mivunjiko ambayo vipande vyake bado vinagusana huunga vizuri kwa slingi pekee, na hakuna haja ya kisu. Upasuaji unahitajika bila mjadala pale mfupa unapotoboa ngozi, unapotishia kuitoboa, au unapoumiza mishipa ya damu au neva. Kati ya hali hizo mbili kuna kundi kubwa la watu ambao vipande vyao vimeachana kabisa, au mfupa umefupika kwa takriban sentimita 2 au zaidi, na hao ndio wanaopaswa kukaa na daktari bingwa wa mifupa na kupima faida na hasara.

Mwaka 2007 madaktari wa mifupa wa Kanada walichapisha utafiti wa wagonjwa 132 waliovunjika katikati ya mtulinga na vipande vikaachana kabisa. Miongoni mwa wagonjwa 62 waliofanyiwa upasuaji wa kuwekewa bamba la chuma juu ya mfupa na kufuatiliwa, 2 tu ndio ambao mfupa haukuunga; miongoni mwa 49 waliotibiwa kwa slingi na kufuatiliwa, walikuwa 7. Tazama namba hizo kwa utulivu. Zinaonyesha kwamba bamba hupunguza hatari ya mfupa kutounga, na zinaonyesha vilevile kwamba hata bila bamba walio wengi waliunga. Mfupa ukishaunga, tofauti ya matumizi ya mkono baada ya mwaka mmoja kwa kawaida huwa ndogo.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa nusukaputi. Vipande hupangwa, kisha bamba la chuma hukazwa juu au mbele ya mfupa kwa skrubu. Faida anayoiona mwendesha baiskeli ni kwamba vipande haviachani tena na anaweza kuanza kutumia mkono mapema. Hasara ni kidonda kinachoweza kuingia vijidudu, ganzi chini ya kovu kwa sababu neva ndogo za ngozi hukatwa, na bamba kusikika chini ya ngozi, hasa mikanda ya begi la mgongoni inapolikandamiza. Baadhi ya watu hulazimika kurudi baada ya mwaka mmoja au zaidi ili litolewe. Ongeza gharama, ambazo unapaswa kuziulizia mapema pamoja na kile ambacho bima yako ya afya italipia na kile ambacho hailipi, bamba lenyewe likiwemo.

Kuna mfano ambao kila mtu wa baiskeli atakutajia. Mwingereza Tom Pidcock aligongwa na gari akiwa mazoezini huko Andorra mwishoni mwa Mei 2021, akavunjika mtulinga, akawekewa bamba, na tarehe 26 Julai mwaka huo huo akatwaa medali ya dhahabu ya baiskeli za milimani katika Olimpiki ya Tokyo. Hayo yalitokea kweli na yanastahili heshima. Lakini alikuwa na umri wa miaka 21, na nyuma yake walikuwepo watu ambao kazi yao ilikuwa kumrudisha barabarani salama, na alichokuwa akikikimbilia hakirudi ila baada ya miaka kadhaa. Wewe njia yako itakuwepo mwezi ujao. Pima haraka yako kwa kipimo cha maisha yako, si cha kwake.

Kama umechagua slingi, au umechaguliwa, hakikisha unarudi kupigwa eksirei nyingine baada ya wiki 1 hadi 2. Vipande vilivyoonekana vimekaribiana siku ya kwanza huweza kuendelea kupishana, na ni afadhali jambo hilo ligundulike wakati bado linatibika kwa urahisi.

Hatua ya nne: wiki mbili za mwanzo nyumbani

Usiku ndio mgumu. Usilale bapa. Panga mito hadi mgongo uwe katika hali ya kuegemea, nusu umekaa nusu umelala, na uweke mto mmoja mdogo chini ya kiwiko cha upande ulioumia ili bega lisianguke nyuma unaposinzia. Mimi nililala kwenye kiti cha sebuleni usiku 9 mfululizo. Ukigeuka vibaya utasikia vipande vikisuguana. Inatisha, lakini mara moja moja haina maana kwamba umeharibu kazi yote.

Dawa za maumivu unywe kwa saa zilizopangwa katika siku za kwanza badala ya kungoja maumivu yapande. Parasetamoli kwa mtu mzima haipaswi kuzidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake. Ibuprofeni inywewe baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aiepuke hadi aongee na daktari. Barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa wakati mmoja, husaidia sana katika siku tatu za mwanzo.

Kuhusu nguo, kanuni ni moja: mkono mgonjwa huingia kwanza na hutoka mwisho, na mashati ya vifungo ni rahisi kuliko fulana. Kuhusu kuoga, inama mbele kidogo ukiwa umesimama imara, uuache mkono uning'inie wenyewe bila kuunyanyua, na kwapa litafunguka vya kutosha kuosha na kukausha. Kwapa lisilokaushwa ndani ya slingi kwa wiki mbili huchubuka, na hilo ni tatizo linaloepukika.

Tangu siku ya kwanza, mara nne au tano kwa siku, toa mkono kwenye slingi ukiwa umekaa, ukunje na kukunjua kiwiko, uzungushe kifundo, ukaze ngumi na kuiachia. Mfupa uliovunjika ni mmoja, lakini kiwiko kilichofungwa wiki tatu bila kuchezeshwa kitakuwa ugonjwa wa pili.

Sasa niseme jambo kwa uwazi. Watakuja watu wanaokutakia mema, wakiwa na mafuta na mikono yenye nguvu, wakitaka kukuchua. Usikubali. Kuchua kunaweza kumfaa aliyekazika misuli. Kwa aliyevunjika mtulinga ni kuzitenganisha ncha ambazo mwili umeanza kuziunganisha, tena juu ya mishipa mikubwa ya damu. Kataa kwa heshima: shukuru, eleza kwamba daktari amekataza mfupa usiguswe, na kama ni mzee wa nyumbani mwombe dua badala ya kuchuliwa. Bibi yangu mzaa mama alikubali hilo bila ugomvi.

Chakula kiwe cha kawaida na cha kutosha, chenye protini kila mlo: maharage, mayai, samaki, nyama, maziwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chanzo kizuri cha kalsiamu na bei yake si kubwa. Supu ya kongoro haina ubaya wowote, ila haiungi mfupa kwa namna ya pekee kama inavyosemwa. Kinachochelewesha mfupa kuunga kwa uhakika ni sigara. Kama unavuta, hii ndiyo sababu ya kuacha leo, kwa sababu wavutaji wana hatari kubwa zaidi ya mfupa wao kutounga kabisa.

Hatua ya tano: wiki ya 2 hadi ya 6

Baada ya wiki 2 au 3 mwili unakuwa umezungusha gegedu laini kwenye mvunjiko, na hatua kwa hatua gegedu hilo hugeuka mfupa. Utahisi uvimbe mgumu mahali hapo. Ni kazi ya uponaji, na kwa wengi hubaki kama kinundu cha kudumu kisicho na madhara.

Anza mazoezi ya kuning'iniza mkono: inama ukishika meza kwa mkono mzima, uache mkono mgonjwa uning'inie, kisha uyumbishe mwili taratibu ili mkono uzunguke miduara midogo wenyewe bila msuli wa bega kufanya kazi. Dakika 2, mara tatu kwa siku, zinatosha. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia akiridhia, ongeza zoezi la kutembeza vidole ukutani, lakini usiupitishe mkono juu ya usawa wa bega kabla ya takriban wiki ya 6, kwa kuwa mkono unapopanda juu ya usawa huo ndipo mtulinga wenyewe huanza kujizungusha kwa nguvu. Usibebe kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Ndoo ya maji isubiri.

Miguu na mapafu, hata hivyo, havikuvunjika. Tembea kila siku, mahali pasipoteleza, ukiwa na slingi. Kuanzia wiki ya 2 hivi, maumivu yakiruhusu, unaweza kupiga pedeli kwenye baiskeli ya mazoezi isiyotembea, ukiwa umekaa wima, mkono mgonjwa ukiwa ndani ya slingi au umelala pajani, bila kuegemea usukani hata kidogo. Aliyefanyiwa upasuaji angoje kidonda kikauke kwanza, maana jasho na kidonda kibichi havipatani. Dakika 20 siku moja, 30 baada ya siku mbili. Ndivyo nilivyofika wiki ya 6 nikiwa bado na miguu.

Hatua ya sita: wiki za mtego

Karibu na wiki ya 5, asubuhi moja utaamka na kugundua kwamba hujanywa dawa tangu juzi. Utavaa shati bila kufikiri. Utaitazama baiskeli ukutani. Mimi niliishusha, nikapanda, nikazunguka uwanja wa nyumbani mara tatu bila maumivu yoyote, nikaanza kujiandaa kwenda mlimani Jumamosi. Kilichonizuia ni miadi ya eksirei iliyoangukia Ijumaa. Kwenye picha ufa ulikuwa bado unaonekana wazi, mweusi, ukiwa umezungukwa na ukungu mweupe wa mfupa mchanga. Daktari aliweka kidole juu yake akasema, “Huu bado ni udongo mbichi, haujachomwa kuwa tofali.”

Maumivu yalikwisha kwa sababu vipande vimeshikana kiasi cha kutosuguana, na hilo ni jambo jingine kabisa na kuwa na nguvu ya kupokea uzito wa mwili unaotupwa begani. Kwa hiyo katika wiki hizi fanya uamuzi wako kwa picha na kwa vipimo, na usiitoe baiskeli nje ya geti hadi mambo haya yote yawe yametimia. Kwanza, eksirei ionyeshe mfupa mpya umevuka ufa kama daraja. Pili, ukibonyeza mahali pa mvunjiko kwa kidole pasiume. Tatu, mkono upande juu kabisa, uende nyuma ya mgongo na uzunguke sawasawa na mwenzake. Nne, nguvu irudi: anza kwa kuusukuma ukuta, baada ya wiki moja sukuma ukingo wa meza, kisha piga pushapu sakafuni. Kipimo nilichojiwekea mimi kilikuwa pushapu 10 na kukaa katika mkao huo kwa dakika moja bila maumivu na bila mkono kutetemeka, kwa sababu huo ndio mkao ambao mikono huwa nao wakati wa kuteremka.

Mfupa usipoonyesha dalili ya kuunga ukifika mwezi wa 3 tangu ajali, usikate tamaa wala usingoje miezi mingine kimya kimya. Rudi kwa bingwa wa mifupa. Upasuaji wa baadaye upo na hufanikiwa.

Hatua ya saba: kurudi juu ya baiskeli

Kwanza ikague baiskeli yenyewe, au umpe fundi. Kofia iliyopigwa kwenye ajali haivaliwi tena hata kama haionyeshi ufa, kwa kuwa povu lililo ndani limekwisha kubonyea. Kagua usukani kwa kidole na kwa mwanga, hasa kama ni wa kaboni, uone kama una mkwaruzo wa kina au ufa. Hakikisha usukani umenyooka na gurudumu la mbele, na breki ya mbele haikamati ghafla.

Safari za kwanza, kati ya wiki ya 6 na ya 8 kwa walio wengi na baada ya ruhusa, ziwe za barabara tambarare ya lami, nusu saa, asubuhi kabla ya magari kuwa mengi. Punguza upepo wa tairi kidogo na unyanyue usukani ikiwezekana, ili uzito ukae kwenye kiti zaidi kuliko mikononi. Usibebe begi la mgongoni. Maji yakae kwenye fremu na vifaa kiunoni. Ukimaliza, subiri hadi kesho yake asubuhi ndipo uhukumu: bega likiamka bila maumivu mapya, ongeza robo saa, na likiamka linauma, rudi nyuma hatua moja.

Barabara ya vumbi ifuate baada ya wiki mbili za lami. Njia nyembamba za msituni zije baada ya wiki ya 10 hadi ya 12, kwanza zile za kupanda, kwa sababu anayepanda huanguka polepole. Miteremko mikali, ngazi za mawe na kuruka viache hadi upite mwezi wa 4 tangu ajali. Na usirudi ukiwa umechoka: mitelezo mingi hutokea saa ya mwisho ya safari, wakati miguu imelegea na macho yanatazama gurudumu badala ya kutazama mita 10 mbele.

Hofu itakuwepo. Nilipofika kwenye ule mzizi katika wiki ya 15 nilishuka, nikautembea mara mbili kwa miguu, nikaona kwamba kosa langu lilikuwa kuuvuka kwa mshazari huku nikikamata breki. Nikarudi juu, nikainua makalio kutoka kwenye kiti, nikasogeza kiuno nyuma, nikaachia breki kabla ya mzizi na kuuvuka ukiwa umenikabili moja kwa moja. Fanya hivyo hivyo mahali pako: kwanza kwa miguu, kisha polepole, na mwenzako akiwepo.

Baada ya hapo endelea kulisikiliza bega kwa miezi kadhaa, kwa kuwa mfupa huendelea kujiimarisha na kujichonga hadi zaidi ya mwaka. Rudi hospitalini ukiona maumivu ya mahali pale pale yanayodumu zaidi ya siku mbili baada ya safari, mlio wa kusaga ambao haukuwepo, ganzi inayoshuka hadi vidoleni, au, kwa mwenye bamba, ngozi kuwa nyekundu, kutoa usaha, au kichwa cha skrubu kuanza kusukuma kutoka ndani. Ukianguka tena kwa bega hilo, piga eksirei hata kama maumivu ni madogo, kwa sababu mwenye bamba huweza kuvunjika pembeni mwa bamba lenyewe, na ufa wa namna hiyo siku ya kwanza huonekana kama michubuko tu.